Mrejesho: Video ya CBGB imekamilika

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliwauliza nitengenezeje video ya kumbukumbu ya CBGB, ule ukumbi wa muziki wa panki (punk) wa New York, bila kufungiwa kwa sababu ya nyimbo za watu.

Imetoka, dakika saba na ushee. Toleo la kwanza lilizimwa sauti hata saa haijaisha, kisa sekunde 20 tu za wimbo wa bendi ya Ramones. Nilinuna siku mbili, kisha nikamsikiliza yule aliyesema niachane na nyimbo kabisa. Jamaa yangu akakwaruza gitaa, nota tatu tu, spika imefunguliwa mpaka inakoroma, nikarekodi kwa simu. Sauti chafu kweli, na mimi ndivyo ninavyoipenda panki.

Sehemu iliyonifurahisha kuihariri ni jina. Hilly Kristal alipofungua pale 315 Bowery mwaka 1973 alikusudia muziki wa kantri, blugrasi na bluzi (Country, BlueGrass, Blues), ndizo herufi CBGB. Wakamjia bendi za panki: Television, Ramones na Blondie! Nimefunga na mwimbaji Patti Smith, aliyepiga shoo ya mwisho ya ukumbi huo tarehe 15 Oktoba 2006. Baadaye pakawa duka la nguo za bei mbaya. Hapo nimeweka picha tu, bila maneno.

Na wewe uliyesisitiza vile vyoo vyenye sifa mbaya: vipo, sekunde 12, kuta zimejaa maandishi na stika hadi dari. Mke wangu aliniuliza kama kuna binadamu aliyewahi kuingia mle akiwa na akili zake.