Mjadala: Cheti cha selimundu kabla ya ndoa, au tone la damu la mtoto mchanga?

Wako hapa Mombasa wanaotaka iwe sheria: wachumba wasiozeshwe mpaka waonyeshe cheti cha kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na wakikutwa wote wawili wana jeni yake, posa ivunjwe. Mimi napinga. Natoa hoja zangu, nanyi mnaoitaka sheria hiyo mnijibu.

Tuanze na jeni yenyewe. Mwaka 1949 mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alizunguka nchi akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliikuta jeni ya selimundu kwa wingi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na kwa uchache mno nyanda za juu kwenye baridi, ambako malaria ni adimu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria. Baadaye watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi, waliyaona hayo kwa watoto wa Pwani, na kinga dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Basi mwenye jeni hii asiambiwe ana damu mbaya. Wazee wake walipona homa iliyozika wenzao wakingali wadogo.

Balaa huja mtoto anaporithi kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa mara moja katika nne kuleta mtoto mgonjwa. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo, wakidhani mgonjwa naye anakingwa. La! Malaria ikimpata huyo, damu humwishia upesi, ndiyo maana huandikiwa Paludrine, dawa ya kuzuia malaria, ya kila siku.

Wanaotaka cheti, wengi ni kina mama, na uchungu wao naujua. Aliyezika watoto wawili, aliyekesha na mwana anayelia mifupa, ana haki ya kusema laiti angejua mapema. Lakini posa ikivunjika, lawama ataibeba nani? Mvulana atatafutiwa mchumba mwingine. Binti atasemwa mtaa mzima, na wadogo zake nao wataogopwa. Tayari wapo wanawake wanaoachwa kwa kuambiwa wanazaa wagonjwa, hali mtoto hawezi kuugua selimundu bila jeni ya baba. Hilo linaniuma sana. Sheria hii itaipa dhuluma hiyo muhuri.

Mtanitajia Saudia. Kweli, kipimo ni lazima huko tangu 2004, lakini uamuzi wa kuoana umebaki kwa wachumba wenyewe, na wengi wameoana hata baada ya kupewa majibu. Anayetaka kupima kwa hiari apime, ashauriwe faraghani.

Mimi nataka kila mtoto wa Pwani apimwe kabla hajatoka wodi ya wazazi. Kuna vipimo vya haraka vya tone moja la damu. Miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na damu aliyotoka nayo tumboni, kwa hivyo anaonekana mzima kabisa. Dalili huanza karibu na miezi 6, na wengine hufariki kwa homa bila mtu kujua walikuwa na nini. Akijulikana mapema huanzishiwa penisilini, chanjo na kinga ya malaria. Kisha ipo dawa ya selimundu iitwayo haidroksiyurea. Majaribio yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018 katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, yalionyesha inapunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na vifo, na hata malaria ilipungua kwa karibu nusu. Dawa hiyo ipo, ila mzazi wa Likoni au Kisauni anainunua kwa pesa yake mwezi baada ya mwezi.

Kwa hivyo nawauliza mnaounga mkono cheti: fedha za kuwapima wachumba wote na kuwafuatilia zikipatikana, kwa nini zisianzie kwa mtoto ambaye tayari amezaliwa na ugonjwa na hajaandikiwa dawa? Na binti aliyevunjiwa posa, nyinyi mtamwambia nini?