Tupeane uzoefu: pikipiki ya kuhimili mvua na barabara kuu

Mwendambali
Wadau, natafuta pikipiki ya safari ndefu, itakayokwenda kilomita 90 hadi 110 kwa saa bila kuhangaika na isiyonitia hofu lami inapolowa. Niliyonayo ni ya cc 150, na kila lori linaponipita kwenye mvua huhisi nikisukumwa kando, kisha nikivutwa kuelekea kwenye tela. Siulizi jina la kampuni, maana kila mtu atanitajia aipendayo. Nataka kujua ni kitu gani hasa kwenye pikipiki kiliwaokoa au kuwaangusha.

Tairi Mbili
Hilo la lori umenikumbusha mbali. Pikipiki ya cc 150 inaweza kufika kilomita 90, lakini hufika ikiwa imekwisha kutoa nguvu zake zote, kwa hiyo unapotaka kutoka haraka kwenye manyunyu ya lori huna akiba yoyote. Nilipohamia cc 400 yenye silinda mbili, kasi yangu haikubadilika sana. Kilichobadilika ni utulivu wangu. Kwa maoni yangu cc 250 ndicho kiwango cha chini cha barabara kuu.

Nyota ya Asubuhi
Naunga mkono. Na uzito pia husaidia upepo unapopiga ubavuni.

Fundi Cheni
Hapo kwenye uzito sikubaliani nawe, Nyota. Upepo hupata pa kushika kwenye masanduku mapana na kioo kirefu cha mbele, na pikipiki nzito iliyobeba vitu hivyo huyumba vibaya kuliko nyepesi iliyo tupu. Isitoshe, uzito unaoupenda kwenye mstari ulionyooka utauchukia siku utakapogeuza pikipiki kwenye tope la kando ya barabara.

Nyota ya Asubuhi
Ndugu Fundi, nimesafiri na zote mbili kwenye upepo, na najua ipi ilinichosha mikono. Ubaki na yako nami nibaki na yangu.

Msafiri wa Usiku
Naomba nieleze lililonikuta, kwa sababu mnajadili injini na uzito, na siku ile vyote viwili havikunifaa kitu. Nilikuwa juu ya cc 650, pikipiki nzito iliyotulia barabarani, niliyoinunua ikiwa imetumika. Kashata za matairi zilikuwa nene, na muuzaji aliniapia kwamba yalikuwa mapya. Ulikuwa umepita ukame mrefu, na mvua ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mnajua dakika zile za mwanzo, pale vumbi, mafuta yaliyodondoka na mabaki ya mpira yanapoelea juu ya maji kabla hayajasafishwa na mvua kubwa. Nilikuwa nashuka mteremko wenye kona ndefu, nikiwa nimeacha nafasi ya kutosha nyuma ya tela, nalo likafunga breki ghafla. Nilibana breki ya mbele taratibu kama ninavyofanya siku zote, na gurudumu la mbele likagoma kuzunguka papo hapo. Usukani ukawa mwepesi mikononi, kana kwamba haujaunganishwa na kitu. Nikaachia, gurudumu likashika. Nikabana tena, likateleza tena, huku nyuma ya tela ikizidi kunikaribia na maji yake yakinipiga usoni hata nisione taa zake. Mara ya tatu nilibana kidogo sana, nikaelekea ukingoni, na pikipiki ikasimama kwenye kokoto ubavuni mwa tela.

Fundi aliyeyakagua matairi baadaye alinionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la mbele lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Kashata zilikuwepo, lakini mpira ulikuwa mgumu kama kwato, na mpira wa namna hiyo haushiki lami yenye maji. Pikipiki yenyewe haikuwa na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu kujifunga unapobana breki. Kwa hiyo, Mwendambali, uliza habari za ABS na usome tarehe ya matairi kabla hujauliza cc.

Bi Hatua
Pole sana, kaka. Nimesoma nikiwa nimeshika pumzi. Je, na tairi la nyuma lilikuwa la zamani hivyo hivyo?

Msafiri wa Usiku
Asante, dada. La nyuma lilikuwa changa zaidi, nami niliyabadilisha yote mawili.

Kasi Kumi
Dawa ya mvua ni kupunguza upepo wa matairi ili yakanyage eneo kubwa zaidi. Na breki ya mbele usiiguse kabisa, tumia ya nyuma peke yake.

Fundi Cheni
Ndugu yangu, ushauri huu utamuumiza mtu. Tairi lenye upepo mdogo huelea juu ya maji kwa kasi ya chini zaidi, kwa sababu halina msukumo wa kuyafukuza; weka kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, upime tairi likiwa la baridi. Na breki ya nyuma peke yake huongeza umbali wa kusimama kwa kiasi kikubwa. Tumia zote mbili kwa ulaini, uanze mapema.

Kasi Kumi
Kwenye tope la njia za vumbi upepo mdogo umenifaa miaka yote.

Fundi Cheni
Kwenye tope, sawa. Hapa tunazungumzia lami.

Tairi Mbili
Niongeze jambo kuhusu ABS. Wapo wauzaji wanaotaja breki zilizounganishwa, yaani CBS, kana kwamba ni kitu kile kile. CBS hugawa nguvu ya breki kwa magurudumu yote mawili, lakini haizuii gurudumu kujifunga. ABS ilianza kwenye pikipiki za barabarani mwaka 1988, kwenye BMW K100, na Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa aina mpya za zaidi ya cc 125 kuanzia 2016, kisha kwa pikipiki zote mpya za ukubwa huo kuanzia 2017. Anayenunua iliyotumika aangalie mwaka, na pia aangalie ilitengenezwa kwa soko gani.

Bi Hatua
Mimi ni mfupi, na nitasema ambalo hamjalisema. Kaa juu ya pikipiki ukiwa umevaa mavazi yako ya mvua, uone kama nyayo zinagusa chini. Nilikuwa na ndefu ya kupendeza, mpaka nikasimama kwenye mchoro mweupe wa barabarani uliolowa, mguu ukateleza, nayo ikalala juu yangu. Rangi ya barabarani na vyuma vya madaraja ndivyo vinavyoniogopesha kuliko maji yenyewe.

Nyota ya Asubuhi
Kweli kabisa, dada.

Mwendambali
Nimewaelewa. Nina mbili akilini, zote za cc 500 na zote zina ABS. Moja ina cheni, nyingine ina shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma badala ya cheni. Je, shafti inastahili uzito wake?

Fundi Cheni
Kama utasafiri kwenye mvua kila wiki, inastahili. Mvua husafisha grisi ya nje ya cheni, na hata cheni yenye ringi za mpira huhitaji kupakwa mafuta baada ya safari ya namna hiyo. Ukiwa mvivu wa kulifanya hilo, chukua shafti.

Msafiri wa Usiku
Zote mbili uzijaribu hivi: washa ufunguo, taa ya ABS iwake, na ukianza kwenda, izimike yenyewe. Isipowaka kabisa, usikubali kuambiwa kwamba mfumo ni mzima, kwa maana huenda taa imeondolewa ili kuficha hitilafu.

Mwendambali
Nakwenda kuziona asubuhi, na tarehe za matairi nitazileta hapa.