Nimekatwa amana kwa sababu nililala kwetu: malalamiko kuhusu gari la kulala nililokodi Nakuru

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Kampuni moja ya kukodisha magari hapa Nakuru imekula amana yangu ya shilingi 80,000, ikanirudishia shilingi 6,500 kwa M-Pesa pamoja na karatasi ya makato ambayo kosa langu kubwa ndani yake ni kwamba nililala kwa jamaa zangu. Jina la kampuni silitaji kwa sasa, kwa kuwa barua yangu ya madai iko mezani kwao na sitaki wapate kisingizio cha kusema nimewachafulia jina. Waliyoyafanya, hata hivyo, nitayaeleza, kwa sababu magari ya namna hii yameanza kutangazwa sana na wapo wengi wanaopanga kuyachukua likizo ijayo ili wazungukie ndugu zao.

Gari lenyewe limejengwa juu ya chesi ya lori dogo la Kijapani. Lina vitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, friji ndogo, choo cha kaseti (chenye tangi dogo la kuchomoa na kumwaga) na paneli ya sola juu ya paa. Nililikodi mwezi wa Agosti kwa safari ya kwenda Kimilili kupitia Ahero, Kisumu na Chavakali, na nikamweleza wakala wao waziwazi, mke wangu akisikia, kwa nini nalihitaji. Sisi Wabukusu hutahiri vijana wetu mwezi wa Agosti, kila mwaka wa shufwa, na kijana hupita kwa wajomba zake kabla ya siku yenyewe kuwadia. Safari hii zamu ilikuwa ya mtoto wa dada yangu, nami ndiye mjomba wake mkubwa. Nisingeweza kukosekana bila kuzua maneno ya miaka. Boma letu siku kama hizo hujaa wageni mpaka wengine wakalala jikoni. Tena njiani kuna kwa wakwe zangu, Wamaragoli, ambako mimi kama mkwe siwezi kulala chini ya paa la mama mkwe hata kukinyesha mvua ya mawe. Gari lenye vitanda vyake lilikuwa linamaliza mambo hayo yote kwa pamoja. Wakala alicheka, akaniambia, "Bwana, hili ukifika nalo, umefika na nyumba yako." Maneno yaya haya yamo kwenye tangazo lao, nami nimeyahifadhi.

Sasa sikilizeni. Siku ya kurudisha gari ndipo nilipotolewa karatasi inayoitwa "Masharti ya Ziada", ambayo haikuwamo katika mkataba niliotia sahihi, na ambayo haina sahihi yangu popote. Karatasi hiyo inasema kwamba gari litalazwa tu katika kambi zilizoidhinishwa na kampuni, na kwamba kila usiku litakapolala kwingine mteja atakatwa shilingi 8,000. Kambi zilizoidhinishwa kwa upande huu wa nchi ni mbili: moja iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ambayo unaweza kuiona ukiwa bado hujatoka mjini, na nyingine iko Buyangu, upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega. Kati ya hizo mbili kuna takriban kilomita 250 za barabara. Hakuna hata moja Kericho, hakuna Kisumu, hakuna Bungoma. Kwa hiyo mtu anayelipa pesa zote hizo kwa gari la kulala anatakiwa, kwa mujibu wa karatasi yao, alale langoni pa alikotoka au asilale kabisa mpaka aufikie msitu.

Nilimuuliza meneja kama yeye mwenyewe angeendesha gari zito namna ile usiku, pamoja na watoto, kutoka magharibi kurudi Nakuru kupitia Londiani na Salgaa, ili tu ailinde kanuni yake. Sidhani kuna Mkenya anayehitaji kukumbushwa kilichotokea makutano ya Londiani tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara na kuwaua watu zaidi ya 50. Meneja alinijibu kwamba hayo ni mambo ya serikali, yeye anashughulika na mkataba. Mkataba upi, hakusema.

Katika makato yote hayo, la Chavakali ndilo linaloniuma kuliko mengine, nami nitalieleza kwa kirefu.

Tulifika kwa wakwe, Chavakali katika Vihiga, jioni. Anayezijua njia za Vihiga anajua jinsi zilivyo: udongo mwekundu, migomba huku na majani chai kule, mashamba yaliyobanana, na ua wa michongoma unaokaribia kugusa vioo vya pembeni. Baba mkwe alitoka mwenyewe na fimbo yake, akalizunguka gari, akachungulia kitandani kupitia dirishani, kisha akasimama langoni akifikiri. Mzee yule hana haraka. Mwishowe akachora mstari mchangani kwa ncha ya fimbo, nje kidogo ya nguzo ya lango, akasema, "Mkwe wangu, magurudumu yote manne yabaki upande ule, na hakuna atakayekuwa na neno." Nikaliegesha hapo, kwenye ardhi yake lakini nje ya boma lake, nisimkosee mtu yeyote. Mama mkwe aliwatuma watoto watuletee ugali na kuku, na firigisi ikaja peke yake kwenye kisahani, imefunikwa. Mke wangu na watoto walilala ndani kwao, mimi nikalala garini. Kwa miaka yote ambayo nimekuwa mkwe wa nyumba ile, nikienda huko ilinilazimu kurudi Kisumu au Kakamega kutafuta chumba giza likishaingia. Safari hii nilizungumza na mzee hadi usiku wa manane, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya mlango wa gari.

Usiku huo huo mmoja kampuni imenikata mara mbili. Katika mstari mmoja wa karatasi yao wameandika "kulaza gari katika boma la mtu binafsi", shilingi 8,000. Mstari unaofuata, tarehe ileile, wameandika "kulaza gari kando ya njia", shilingi 8,000 nyingine. Niliwauliza: lilikuwa ndani au lilikuwa nje? Msichana wa mapokezi akaniambia kwamba mtambo wao wa kufuatilia gari unaonyesha alama iko katikati ya mstari wa ploti, kwa hiyo mfumo umehesabu yote mawili. Alilisema hilo bila kutabasamu.

Huo mtambo nao hakuna aliyenitajia kuwa umo garini. Sipingi mwenye gari kulinda mali yake dhidi ya wezi. Ninachopinga ni kuchukua kumbukumbu za mahali nilipolala na familia yangu, usiku baada ya usiku, bila kuniarifu, kisha kuzigeuza ankara. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe kwamba anazikusanya na kwa madhumuni gani, na ipo ofisi ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko ya namna hiyo.

Kimilili nako wamepata la kukata. Alasiri ile mpwa wangu alipofika kwetu na kundi lake, akigonga chinyimba, zile kengele za chuma za mtahiriwa, na kuimba, tulikuwa tumekwisha kuchinja, tukamvika nyama shingoni kama desturi inavyotaka, nami nikamwambia maneno ambayo mjomba humwambia kijana anayekwenda kusimama mbele ya kisu. Mke wangu alipiga picha, akaiweka kwenye statasi ya WhatsApp, na wakala wa kampuni, ambaye bado alikuwa na namba yake, aliiona. Gari linaonekana nyuma ya vijana, limefungwa, halina mtu. Kwa picha hiyo nimekatwa shilingi 10,000 za "matumizi ya hafla". Hafla gani? Hakuna aliyepanda gari, hakuna aliyelipa kiingilio, hakuna muziki uliotoka ndani yake. Lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwa baba yangu, na nyumbani kwa baba yangu siku hiyo kulikuwa na shughuli.

Mambo yangeishia hapo ningeweza kusema ni ulafi tu. La betri ni udanganyifu.

Magari haya yana betri ya pili ya kuwasha taa, pampu ya maji, feni na friji gari likiwa limezimwa. Hujazwa na injini mkiwa safarini na na sola mkiwa mmesimama. Betri ya volti 12 ya aina ya asidi iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6 au 12.7, ikishuka mpaka 12 imebaki na nusu au chini yake, na ikifika 11.8 hesabu kwamba imekwisha. Usiku wa kwanza tulilala kwa mdogo wangu, mwalimu huko Ahero. Tulikuwa tumeendesha kutoka Nakuru mchana kutwa, jua la kutosha juu ya paa, kwa hiyo betri ilipaswa kuwa imeshiba. Kabla ya saa tatu usiku, baada ya taa mbili na kuosha vyombo, kipimo cha ukutani kilisoma 11.6, feni ikasimama, na friji ikaanza kupiga mlio. Nyanda za Kano zina joto na mbu, na mtu hawezi kufungua dirisha wala kulifunga. Watoto walihamia kwa shangazi yao. Samaki tuliokuwa tumenunua tukawagawa asubuhi kwa majirani.

Nilimpigia wakala simu papo hapo. Aliniambia niendeshe zaidi, itajaa. Kesho yake fundi wa umeme wa magari pale Kondele, Kisumu, aliifungua mbele yangu: maji ya betri yalikuwa yamekauka hata sahani za ndani zinaonekana, na zilikuwa na ukungu mweupe. Akanionyesha kwa tochi, akasema hali kama ile haiji kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja, ni betri iliyotelekezwa. Nilipiga picha kila tundu, nikamtumia wakala, naye akazisoma, kwani alama mbili za buluu ninazo. Safari nzima tukatumia taa za simu na tochi. Juu ya yote hayo, karatasi ya makato inasema: "Betri ya ndani, kuharibiwa kwa matumizi kupita kiasi, shilingi 11,500." Yaani nimekodi gari bovu, nimeishi gizani humo, halafu nimeuziwa betri mpya ambayo itamwashia taa mteja mwingine.

Ukiacha makato mengine manne ya kulala, ya shilingi 8,000 kila moja, kuhusu shilingi 4,000 zilizobaki za "usafi na choo" sitawachosha. Alama za michongoma ubavuni zilifutika kwa kitambaa chenye maji wakala akiwa amesimama palepale, na bado aliziandika. Kaseti ya choo niliirudisha imeoshwa na kukaushwa. Wanalalamika kwamba niliimwaga kwenye choo cha shimo badala ya "kituo maalumu". Nimewaomba wanionyeshe kituo maalumu kimoja tu kati ya Nakuru na Malaba, nitakwenda kukitazama kwa nauli yangu.

Wapo watakaoniambia niachane nayo, shilingi 73,500 si mwisho wa dunia. Kwangu ni karo. Aidha, Katiba katika ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya kupotosha kuhusu huduma anayouziwa. Mtu aliyeandika katika tangazo kwamba ukifika umefika na nyumba yako, kisha akakutoza kwa kufika nayo, ataeleza mbele ya hakimu alikuwa na maana gani. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, si lazima uwe na wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Barua yangu imewapa siku 14. Zikipita, fomu ninayo, nimekwisha kuijaza.

Ninaomba msaada wa aina mbili, na ninaomba tusihamie kwenye mizaha ya kwa nini sikupanda matatu. Kwanza, yeyote aliyekodi gari la kulala hapa Nakuru naye akapewa "Masharti ya Ziada" siku ya kurudisha, na siyo siku ya kutia sahihi, anitumie ujumbe wa faragha pamoja na picha ya karatasi hiyo. Nikiwa na mbili au tatu zinazofanana, hawataweza kudai kwamba yangu ilisahauliwa kwa bahati mbaya. Pili, mafundi mliomo humu: je, maelezo ya maandishi ya fundi wa Kondele, pamoja na picha zenye tarehe, yanatosha kuthibitisha kwamba betri ilikuwa imekufa kabla sijalichukua gari, au nahitaji ripoti ya mhandisi? Fundi amekubali kuja Nakuru kutoa ushahidi ikibidi, mradi nimlipie nauli na siku yake ya kazi.