Naomba ushauri: dada yangu kaandikiwa kipimo cha PET (picha ya mwili inayotumia dawa yenye mionzi) cha mishipa, na jana kaanza dawa ya prednisoloni

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Dada yangu ana miaka 29. Miezi kadhaa sasa homa haimwishi, anakonda, na mkono wa kushoto unamchoka hata akichana nywele. Daktari kampima presha mikono yote miwili, kushoto iko chini kwa zaidi ya alama 30, na mapigo ya kifundo cha mkono huo hayashikiki vizuri. Anashuku Takayasu, yaani mchochota (kuvimba na kuwaka kwa ndani) kwenye kuta za ateri kubwa, mishipa inayotoa damu kwenye moyo. CT (picha ya eksirei ya kompyuta) imeshapigwa ikaonyesha mshipa umebana. Sasa PET ya nini tena? Imepangwa baada ya wiki mbili. Ana mtoto wa miezi 5 anayenyonya, na hiyo mionzi inaninyima usingizi.

Sindano110: Pole sana mkuu. Niko kitengo cha tiba ya nyuklia, nitakwambia ninachokiona kila siku. CT inaonyesha mshipa umebana wapi. Kama kwenye ukuta bado panawaka au limebaki kovu tu, hapo mara nyingi haitoi jibu, na matibabu ya hali hizo mbili hayafanani. Kwenye PET anachomwa sukari iliyofungwa fluorini-18, ambayo ndiyo yenye mionzi. Seli za kinga zilizojazana kwenye ukuta wenye mchochota zinakula sukari kwa pupa, kwa hiyo pale panang'aa. Msomaji wa picha hulinganisha mng'ao huo na wa ini.

Sasa lililonishtua: wiki mbili! Prednisoloni inazituliza seli hizo, na mng'ao hufifia. Tunapenda kupiga picha ndani ya siku 3 tangu dozi ya kwanza. Mpigieni daktari LEO, mwambieni dawa imeanza jana.

Mzee wa Busara: Si aache tu dawa hadi siku ya kipimo?

Sindano110: Hapana mzee wangu, nakuomba. Dawa hii haisimamishwi kwa uamuzi wa nyumbani. Kuna ndugu wa ugonjwa huu, ule wa ateri za kichwani unaowapata waliovuka miaka 50. Huko kuchelewesha dawa kunaweza kumpofusha mtu moja kwa moja. Kinachosogezwa ni tarehe ya kipimo.

Kuhusu mionzi: kila dakika 110 nguvu ya fluorini-18 inapungua nusu. Baada ya saa 11 imebaki sehemu 1 kati ya 64, achilia mbali inayotoka na mkojo. Kwa mtoto, maziwa yenyewe hayabebi nyingi, shida ni kukumbatiwa na mama mwenye mionzi mwilini. Akamue kabla, mtu mwingine amnyweshe, na yeye akae mbali naye kwa saa watakazomwelekeza. Asisahau kuwaambia ananyonyesha, na kama kuna uwezekano wa mimba aseme.

Mama Pacha: Mimi nimepitia hiyo. Usile saa 6 kabla, maji tu. Wanapima sukari kwanza, wanakuchoma, kisha unalala kimya zaidi ya saa nzima ukisubiri. Avae nguo nzito, mimi baridi ilinitesa kuliko sindano.

Kijana Mpole: Baba yangu ana mafuta kwenye mishipa ya moyo, naye aombe?

Sindano110: Kwa mafuta bado ni kipimo cha watafiti zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Cambridge walionyesha mafuta yenye mchochota kwenye ateri za shingo yanang'aa. Mishipa ya moyo ni ngumu: msuli wa moyo nao unakula sukari, unaimeza picha yote. Baba aendelee na dawa zake na kliniki.

Mleta uzi: Nimepiga simu. Daktari kashukuru, kaongea na kitengo, kipimo kimesogezwa hadi kesho kutwa asubuhi, siku ya tatu tangu dozi ya kwanza. Dada anaendelea kumeza kama kawaida na ameanza kukamua leo. Sindano110, Mungu akubariki. Nitaleta majibu.