Wagombea udiwani wa kata yetu hapa Tanga wanaomba kura kwa kazi zisizo zao na kuzikimbia zilizo zao

Ndugu zangu wakazi wa Tanga, naandika nikiwa na hasira, wala sina sababu ya kuificha. Kampeni zilianza tarehe 28 Agosti, kura tunapiga tarehe 29 Oktoba 2025, na hadi leo nimehudhuria mikutano minne ya wagombea udiwani wa kata yetu, wa vyama tofauti, bila kumsikia hata mmoja akieleza atakwenda kufanya nini ndani ya baraza la madiwani akishaapishwa.

Ninachosikia ni bandari. Naambiwa kina cha maji gatini kimeongezwa kutoka mita 3 hadi mita 13, kwamba mradi umegharimu shilingi bilioni 429, na kwamba meli sasa zinafunga gatini badala ya kupakuliwa kwa matishari huko nangani. Bandari ikiisha linafuata bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Sina ugomvi na mambo hayo. Mdogo wangu ni kibarua bandarini, na meli zikiwa nyingi nyumba yetu inajua. Lakini bandari haisimamiwi na kata, wala bomba halikupitishwa na kikao cha kata, na mgombea udiwani anayetumia dakika arobaini kutuhesabia mita za kina cha bahari, huku mtaro ulioziba ukinuka hatua ishirini nyuma ya jukwaa lake, ametuchukulia kuwa watu tusiojua kazi ya rais ni ipi, ya mbunge ni ipi na ya diwani ni ipi.

Tunajua. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Diwani ni mjumbe wa baraza linalopitisha bajeti ya halmashauri, linalokagua mapato na matumizi, na linaloweza kumweka mtendaji kitini akajibu. Diwani ndiye wa kufuatilia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo iliyosimamishwa mwaka 2023 na baadaye kurejeshwa. Katika mtaa wetu kipo kikundi cha akina mama wakaanga samaki, wenye katiba yao, akaunti yao na daftari la mahudhurio lisilokosa hata wiki moja, ambao wamezungushwa na fomu hadi wamechoka. Hakuna mgombea aliyewagusa katika hotuba yake. Walichopata ni kuitwa mbele wacheze.

Sasa niwaeleze kuhusu kalavati letu, kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa. Lilibomoka kwenye masika ya mwaka jana, kwenye njia inayokwenda zahanati. Upande mmoja umekatika, nondo zimechomoza, na vijana wa mtaa wameweka magogo mawili ya mnazi na tairi kuukuu ili watu wapite. Kiangazi tunavuka. Mvua ikinyesha, dereva wa bajaji anasimama kabla ya hapo na kusema, “Mwisho wangu hapa, dada.” Mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu usiku wa mvua; tulimvusha kwa miguu, mimi nikimshika mkono wa kulia na wifi yake wa kushoto, maji yakiwa yametufika magotini, naye akisimama kila baada ya hatua mbili kusubiri uchungu upungue. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Ninajua barabara za mitaa zina wakala wake na diwani hana greda wala saruji. Simdai greda. Ninachomdai ni kulipeleka kalavati hilo kikaoni, kulisemea hadi liingie kwenye mpango, kisha aturudie na jibu, hata likiwa baya. Vuli hiyo inaingia na magogo yameanza kuoza.

Kwa sababu hiyo, mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu mpole asiyependa makelele, aliandika maswali matatu kwenye karatasi ya daftari: la kwanza kuhusu kalavati, la pili kuhusu mikopo ya akina mama, la tatu ni mikutano mingapi ya kusoma mapato na matumizi itafanyika kwa mwaka. Aliikunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa kanzu. Mkutano ulitangazwa kuwa saa 9 alasiri. Tulikaa juani, spika zikipiga muziki, hadi mgombea alipofika saa 11 na nusu na msafara wa bodaboda. Alisalimia, akacheza, akasoma bandari na bomba. Mzee aliponyosha mkono na kusogea mbele, mshereheshaji alimshika bega na kumwambia, “Mzee wangu, mgombea amekuelewa, ukitoka hapa muone katibu.” Mzee akamjibu, “Mwanangu, bado sijasema kitu, amenielewaje?” Hapo mgombea akachukua kipaza sauti, akatangaza kwamba sheria inataka mikutano ifungwe saa 12 jioni na yeye ni mtu wa kufuata sheria, akapanda gari.

Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kuheshimu saa 12 jioni ni jambo jema, lakini saa mbili na nusu ulizotuweka juani zilikuwa zetu, na ulizila wewe. Nawaambia na wale wa vyama vingine wasishangilie: mmoja wenu alipoulizwa na kijana kuhusu kalavati hilohilo alijibu kwamba chama chake kitaleta katiba mpya. Katiba mpya naitaka na mimi, ila siyo jibu la kalavati.

Mtu ataniambia kwamba kama hawa hatuwataki tumsimamishe mtu wetu. Tumsimamishe kwa mlango upi? Mgombea lazima adhaminiwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi mahakamani tangu miaka ya 1990, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba zuio hilo linavunja haki za raia, lakini hadi leo zuio lipo. Maana yake, walioketi kwenye kura za maoni za vyama ndio waliotuchagulia, nasi tunaletewa jina likiwa limeshaiva. Basi angalau jina hilo lijibu maswali.

Mkutano unaofuata umetangazwa kuwa Jumamosi, saa 9 alasiri, uwanja uleule. Mzee bado anayo karatasi yake. Akina mama wa kikundi wamekubaliana kwamba safari hii hawatacheza, watakaa safu ya mbele na daftari lao mapajani, na swali la kwanza litaulizwa mara tu mgombea atakapomaliza salamu, kabla hajafika bandarini. Kama wewe ni wa kata yetu, njoo ukae nasi. Kama ni wa kata nyingine, niandikie hapa: mgombea wenu amewahi kuulizwa swali hadharani, na alijibu nini?