Somo la utumwa limegawa darasa langu: "dini ipi iliuza watu?" Naombeni ushauri

MwlHistoria
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha pili huku Tanga, darasa nusu Waislamu, nusu Wakristo. Tumefika biashara ya utumwa. Kitabu kinasema "Waarabu", watoto wanasikia "Waislamu". Kijana mmoja kamgeukia binti aliyevaa ushungi: "Babu zenu ndio waliotuuza." Binti hakukawia: "Na meli za kwenda Amerika zilikuwa za masheikh?" Darasa likalipuka. Juzi mzazi kaja ofisini kuuliza kama nafundisha au nahubiri. Mkuu wa shule anataka niruke mada, nihamie ukoloni. Mimi sitaki, mtihani hauruki. Nifanyeje? Na tafadhali, msianzishe mihadhara ya dini humu.

Kengeleni
Pole mwalimu. Usiruke, watamalizia wenyewe kijiweni. Anza na Kilwa, 1776. Sultani wa pale aliwekeana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, ampatie watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Muuzaji Mwislamu, mnunuzi Mkristo, na bei wamekubaliana. Iandike ubaoni, halafu waulize nani wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Chuma_cha_Reli
Mnasawazisha mizani tu ili msimuudhi mtu. Aliyefungwa mnyororo alijali dini ya aliyeufunga?

Kengeleni
Hakujali, mkuu. Ila watoto wa mwalimu wanajali, na ndio wenye mtihani.

BintiMkunazini
Natembeza wageni Mji Mkongwe, swali hili nalipata kila wiki. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873. Sultan Barghash alisaini baada ya Waingereza kumtishia kuizingira Unguja kwa manowari. Mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana palepale, na inasemekana altare iko mahali pa mti wa kuchapia viboko. Wageni wengi hutoka pale wakiamini Kanisa ndilo lililomaliza utumwa. Hapo nawauliza: mbona chini ya ulinzi wa Waingereza haohao hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897? Na hata hapo masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje, eti wahesabiwe kama wake, wakasubiri hadi 1909.

Upande wa pili nao una mambo. Kwa sheria ya Kiislamu, suria akishamzalia bwana wake hauzwi tena, bwana akifa yuko huru, na mtoto anazaliwa huru. Mama yake Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Mtoto wa suria akawa sultani, na nchi aliyoitawala ikaendelea kuishi kwa karafuu za watumwa. Hapo wageni huwa kimya.

Ustadh_Msaidizi
Naongezea kidogo, mwalimu, sihubiri. Qur'ani inahimiza kumwacha huru mtumwa, imefanya hivyo kuwa kafara ya makosa kadhaa, na fungu moja la zaka ni la kuwakomboa. Lakini haikupiga marufuku, na wenye mashamba ya Unguja na Pemba walizijua aya hizo vizuri. Kumtia utumwani Mwislamu aliye huru ni haramu, kwa hiyo misafara ikaelekea bara. Aliyeletwa kisha akasilimu, kusilimu peke yake hakukumtoa utumwani. Tusilifiche hilo.

MtotoWaParokia
Kwetu ni yaleyale, ustadh. Virginia mwaka 1667 walitunga sheria kwamba ubatizo haumtoi mtu utumwani, mabwana wasiogope kuwabatiza. Barbados kulikuwa na mashamba ya Codrington, mali ya shirika la kueneza Injili la Kanisa la Uingereza. Watumwa walichomwa kifuani kwa chuma cha moto, neno SOCIETY, yaani ni wa shirika. Kanisa liliomba radhi 2006. Lakini pia Wakwekeri wa Philadelphia, dhehebu la Kikristo kule Amerika, waliwakataza waumini wao kumiliki watumwa tangu 1776, mwaka uleule wa mkataba wa Kilwa!

Karibu na kwenu kuna Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawa wanawakomboa watoto kwa kuwanunua sokoni Unguja, kisha watoto hao wakalima mashamba ya misheni. Waulize wanafunzi: fedha ya kukomboa iliingia mfuko wa nani?

MwlHistoria
Hilo swali la mwisho nalichukua. Mnaonaje nikigawa makundi: Wakristo wafanye Codrington na Bagamoyo, Waislamu wafanye Kilwa na masuria? Kila mtu achimbe ya kwao.

BintiMkunazini
Usiwatenganishe kaka, utakuwa umewapa timu mbili. Changanya kila kundi, ila anayesimama kueleza ya Codrington awe Mkristo, wa masuria awe Mwislamu.

MwlHistoria
Sawa dada, nimekuelewa. Jumatatu naanza na Kilwa. Andalio la somo nampelekea mkuu kesho, na yule mzazi nampigia simu mwenyewe kabla mwanawe hajamfikishia habari nusunusu.