Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Namba hii ni 2³² + 1. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat aliona kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni za mtindo huohuo, ni tasa, naye akaamini kuwa zinazofuata zitakuwa tasa pia. Nimeandika programu inayotafuta baki ya 2 kwa kipeo cha N − 1 inapogawanywa kwa N, ambapo N ni namba inayopimwa. Kwa kila namba tasa ya witiri baki hiyo ni 1, na hapa pia nimepata 1, lakini mwenzangu anashikilia kuwa namba hii si tasa. Ni nani aliye sahihi?

Jibu la 1
Mwenzako. Leonhard Euler alionyesha mwaka 1732 kuwa ni 641 × 6,700,417. Kipimo chako kinafaa kwa namba nyingi, ila kwa jamii hii hakina maana yoyote: 2³² ikigawanywa kwa N ni pungufu ya N kwa 1 tu, kwa hiyo 2⁶⁴ huacha baki 1, na kwa kuwa N − 1 ni kigawe cha 64, jibu haliwezi kuwa jingine. Weka 3 mahali pa 2, na programu yako itaikataa namba hii mara moja.

Muulizaji
Ahsante sana. Lakini Euler aliifikiaje 641 bila mashine?

Jibu la 2
Hakugawa ovyo. Alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, huacha baki 1. Basi za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Baadaye Édouard Lucas aliikaza kanuni hiyo kutoka 64 hadi 128, zikabaki 257 na 641 tu. Hata 257 haihitaji kujaribiwa, kwa maana 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, pungufu ya namba yetu kwa 2, na kigawo tasa cha witiri hakiwezi kuzigawa zote mbili. Kwa kanuni hiyohiyo, ili kuhakikisha kuwa 6,700,417 ni tasa inatosha kujaribu 641, 769, 1,153 na 1,409. Kwangu mimi, uzuri wote uko hapo.

Jibu la 3
Naongeza upande wa uainishaji. Ni namba pungufu, kwa kuwa vigawo vyake vingine, yaani 1, 641 na 6,700,417, jumla yake ni 6,701,059 tu, ndogo kuliko namba yenyewe. Vilevile ni jumla ya namba mbili za mraba kwa njia mbili: 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Njia hizo mbili zenyewe zinatosha kuthibitisha kuwa si tasa, kwani namba tasa haiwezi kuwa na zaidi ya moja.